Karatasi tatu zinazopingana: kutafuta kosa kwenye vipimo vya kingamwili za kugandisha damu

Mama alifika dirishani na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne. Kwao ni Machame, ila kwa karibu mwaka mzima alikuwa anazungushwa kati ya Moshi na Arusha. Mimba tatu zilikuwa zimeharibika, zote zikiwa zimevuka wiki ya 10, na baada ya ya mwisho mguu wa kushoto ukavimba kuanzia pajani. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi tatu. Ya kwanza: aPTT, muda wa damu kuganda, sekunde 62, wakati ya mtu asiye na tatizo kwenye mashine hiyohiyo ni 30. Ya pili, kutoka maabara nyingine: kipimo kiitwacho LA, hasi. Ya tatu: kingamwili dhidi ya kadiolipini, IgG yuniti 28, na chini yake mtu ameandika kwa kalamu, "chanya kidogo, irudiwe."

"Sasa daktari, ya kweli ni ipi?"

"Pole sana mama. Mimi si daktari, ni wa maabara. Ugonjwa atakuambia daktari wako. Mimi naweza kukuambia ipi ilikosewa njiani."

Nilisema hivyo kwa kujiamini kuliko nilivyostahili. Ilinichukua wiki kadhaa, na katikati ya safari hiyo nusura nimpe karatasi ya nne yenye kosa langu mwenyewe. Nitayaeleza kwa kufuata dalili, yaani kile unachokiona benchi, kisha sababu zake kuanzia ile inayotokea mara nyingi.

Kwanza, tunatafuta nini

Ugonjwa wenyewe ni APS, sindromu ya antifosfolipidi. Kinga ya mwili inajishambulia: inatengeneza kingamwili dhidi ya protini zinazojishikiza kwenye mafuta yaitwayo fosfolipidi, hasa protini ya beta-2 glikoprotini I. Matokeo yake ni donge la damu kwenye mshipa wa mguu, kiharusi kwa kijana wa miaka 30, au kondo la nyuma kushindwa kumlisha mtoto. Graham Hughes na wenzake walioufanyia kazi London ndio waliouweka wazi mwaka 1983.

Vipimo ni vitatu. Kingamwili dhidi ya kadiolipini na kingamwili dhidi ya beta-2 glikoprotini I hupimwa kwa ELISA, kipimo cha rangi kwenye sahani ya visima, na unachokihesabu ni kingamwili zenyewe. Cha tatu ni LA, lupasi antikoagulanti, na hiki ni mnyama mwingine. Hapa unahesabu sekunde. Kingamwili huzioni, unaona tu kivuli chake kwenye muda ambao plazma inachukua kuganda. Chochote kinachogusa muda huo kinaweza kujifanya LA au kuificha LA. Ndiyo maana kipimo hiki kinakosewa kuliko vingine, na hicho hicho ndicho chenye uzito zaidi katika kubashiri nani atapata donge.

Jina lake nalo linapotosha. Linasema kitu kinachozuia damu kuganda, na cha lupasi (ugonjwa mwingine wa kinga kujishambulia), kumbe wengi wenye nayo hawana lupasi na damu yao inaganda kupita kiasi. Conley na Hartmann walikiona kwa wagonjwa wa lupasi mwaka 1952, na jina lenyewe lilibandikwa mwaka 1972. Kwenye tyubu fosfolipidi ni chache. Kingamwili zikizikalia, vigandishi, yaani protini za kugandisha damu, vinakosa pa kufanyia kazi, na sekunde zinaongezeka. Ndani ya mwili, kingamwili hizohizo zinaziamsha chembe sahani na kuta za mishipa. Nimeshaona mgonjwa mwenye donge akinyimwa dawa kwa sababu mtu alisoma aPTT ndefu akasema "huyu atavuja damu."

Dalili: aPTT imerefuka na hakuna anayejua kwa nini

Usikimbilie kingamwili. Itazame tyubu.

Tyubu ya kifuniko cha bluu yenye sitrati ya asilimia 3.2 inataka damu sehemu 9 kwa sitrati sehemu 1: mililita 2.7 za damu kwenye mililita 0.3 za sitrati. Ikiingia 1.8 tu, uwiano unakuwa 6 kwa 1, sitrati inazidi, na sekunde zinarefuka bila ugonjwa wowote. Chini ya asilimia 90 ya mstari, irudishe. Sisi wa Arusha tuna tatizo ambalo wa Dar hawana. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko wa pwani, na tyubu inayovuta damu kwa ombwe ikiwa imetengenezwa kwa ajili ya usawa wa bahari huvuta pungufu hata mpigaji sindano akifanya kila kitu sawasawa. Moshi iko chini zaidi, tatizo linapungua. Kama tyubu za wodi nzima zinakuja pungufu kwa kiasi kilekile, ni tyubu, usigombane na sista. Kama ni moja moja, uliza iwapo ametumia sindano ya kipepeo. Hewa ya kwenye kile kimrija huingia tyubu ya kwanza, kwa hiyo ya kwanza iwe ya kutupa.

Kuna tyubu nyingine iliyojaa vizuri mno.

"Sista, leo tyubu yako imejaa mpaka kwenye mstari, hongera."

"Ilikuwa imepungua, kaka, nikajalizia kidogo kutoka ile ya zambarau."

Ya zambarau ina EDTA. Hiyo inakamata kalisi yote, na PT (kipimo kingine cha muda wa kuganda) na aPTT zote zinakuwa ndefu za kutisha. Ukikuta zote mbili zimerefuka kwa mtu anayetembea na kutania, pima kalisi ya plazma hiyohiyo. Ikiwa chini kabisa, umepata jibu.

Kingine ni wingi wa chembe nyekundu. Mtoto mwenye tundu kwenye moyo, midomo ya bluu, hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) asilimia 60, ana plazma kidogo kwenye kila tyubu, na sitrati inamzidia. Hematokriti ikivuka 55, punguza sitrati: zidisha 0.00185 kwa 100 ukitoa hematokriti, kisha kwa mililita za damu. Kwa 60 na mililita 2.7 unapata 0.2, kwa hiyo unatoa 0.1 kwenye tyubu kabla ya kuchukua damu. Fomula hiyo tumeibandika ukutani, imeshaliwa na mende pembeni lakini inasomeka.

Halafu hepari, dawa ya kuzuia damu kuganda. Damu iliyovutwa kwenye mpira wa dripu uliosafishwa kwa hepari itakudanganya. Pima muda wa thrombini: ukirefuka sana, hepari ipo, au mgonjwa anameza dabigatrani, dawa nyingine ya kazi hiyo.

Yote hayo yakipita, changanya. Plazma ya mgonjwa nusu, plazma ya watu wenye afya nusu, pima aPTT tena. Kikiwa kigandishi kimepungua, nusu ya watu wenye afya inakijazia na sekunde zinarudi. Ikiwa ni kingamwili, zinavamia na hiyo nusu ya pili. Kwa kuwa "zimerudi kidogo" ni neno la kubishania, tumia hesabu ya Rosner: aPTT ya mchanganyiko, toa ya kawaida, gawanya kwa ya mgonjwa, zidisha 100. Kwa mama wa Machame mchanganyiko ulitoa 48: 48 toa 30 ni 18, gawanya kwa 62, unapata 29. Ungetoa 33, ungepata 5, na tungezungumzia upungufu wa kigandishi. Kila maabara ijiwekee mpaka wake. Wengi wanaanza kushtuka ikivuka 15.

Tahadhari moja ambayo inaokoa maisha. Kuna kingamwili dhidi ya kigandishi cha nane. Hiyo haigandishi, inavujisha: mzee ana mabaka meusi mwili mzima, msuli umejaa damu. Mchanganyiko wake ukipimwa papo hapo unaweza kuonekana umerudi sawa, ukiuweka saa 2 kwenye nyuzi joto 37 ndipo unarefuka. LA kwa kawaida hujionyesha papo hapo. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, uliza: anavuja au anaganda?

Na hiyo plazma ya watu wenye afya isiwe ya fundi mmoja aliyekuwa zamu. Iwe mchanganyiko wa watu wengi, imezungushwa mara mbili, vigandishi vyake vikiwa karibu na asilimia 100. Nimewahi kukuta maabara inatumia damu ya kijana wao mmoja kwa miezi. Siku alipougua ini, nusu ya wagonjwa wa wilaya wakawa na LA.

Dalili: LA hasi, lakini mgonjwa ana kila sababu ya kuwa nayo

Hii ndiyo karatasi ya pili ya yule mama, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu.

Chembe sahani zimejaa fosfolipidi. Ukiziacha kwenye plazma kisha ukaigandisha kwenye friza, zinapasuka, na mafuta yake yanazinywa kingamwili zote. Siku ya kupima hakuna kitu: sekunde safi, mgonjwa ana donge. Dawa yake ni kuzungusha mara mbili. Mara ya kwanza 2,000 g (mara 2,000 ya nguvu ya uvutano) kwa dakika 15, kwenye joto la chumba. Hamisha plazma kwa pipeti ya plastiki bila kugusa utando wa juu ya chembe. Zungusha tena, zaidi ya 2,500 g kwa dakika 10. Chukua ya juu, acha robo mililita ya chini. Zibaki chini ya chembe sahani 10 kwa kizio cha 10⁹ kwa lita. Unahakikishaje? Ipitishe kwenye mashine ya FBP, ile inayohesabu chembe za damu, dakika moja tu. Watu wanakwepa hatua hii kana kwamba inatozwa ushuru.

Kumbuka pia kwamba "elfu tatu" ya sentrifuji si 3,000 g. Namba ile ni mizunguko kwa dakika, na nguvu inategemea urefu wa mkono wa rota. Mkono wa sentimita 15 kwa mizunguko 3,000 unatoa kama 1,500 g. Wa sentimita 10 unatoa 1,000 tu. Ili ufike 2,000 g unahitaji mizunguko karibu 3,450 kwa ule mrefu na 4,230 kwa mfupi. Pima kwa rula, mara moja, uandike juu ya mashine kwa maka.

Nilipiga simu ilikotoka ile karatasi. Fundi alikuwa mkweli, namshukuru. Plazma ilizungushwa mara moja, "elfu tatu," ikagandishwa, ikapanda basi la asubuhi kwenda Dar na vifurushi vya barafu. Zaidi ya kilomita 500. Ilifika imeyeyuka nusu, ikagandishwa tena. Kila hatua hapo inatosha kuua kipimo peke yake. Plazma ya LA ikae nyuzi 70 chini ya sifuri kama ni ya miezi. Nyuzi 20 chini ni kwa wiki mbili hivi, na si kwenye friza ya dukani inayojiyeyushia barafu yenyewe, maana hiyo hupanda na kushuka joto kila siku. Ikitoka, iyeyushwe kwa kasi kwenye maji ya nyuzi 37, dakika 5, na ichanganywe taratibu. Damu nzima nayo haiwekwi kwenye barafu kabisa. Ikae joto la chumba na izungushwe ndani ya saa 4. Kutoka Machame hadi benchi hiyo inawezekana, ila si kwa kupitia sokoni.

Kama huna uwezo wa kuitunza plazma hivyo, usiitume. Tuma seramu kwa ajili ya ELISA, hiyo ni ngumu na inavumilia siku kadhaa kwenye jokofu, na mgonjwa mwenyewe apande gari kwa ajili ya LA. Nauli yake ni nafuu kuliko jibu la uongo.

Sababu nyingine za hasi nitazipitia haraka. Kipimo kimoja hakitoshi: miongozo inataka viwili, dRVVT (muda wa kuganda kwa sumu ya nyoka) na aPTT iliyotengenezwa kuhisi LA, kwa sababu kila kimoja hukosa baadhi ya watu. aPTT ya kawaida ya wodini inaweza kuwa na fosfolipidi nyingi na isihisi kabisa, kwa hiyo aPTT nzuri haiondoi APS. Mjamzito kigandishi chake cha nane kiko juu na kinafupisha sekunde; mgonjwa wa siku ya kwanza ya donge vilevile. Wote hao warudie baadaye.

Kuhusu dRVVT: sumu inayotumika ni ya nyoka wa Asia anayeitwa kifutu wa Russell. Wanafunzi wa mazoezi huwa wananiuliza kama inatoka kwa hawa wa Meserani, bustani ya nyoka ya hapa Arusha. Hapana, hawa wetu wana kazi nyingine.

Dalili: LA chanya, tena sana

Furaha ya fundi inaanzia hapa, na ndipo nilipojikwaa.

Tulichukua damu mpya ya mama, tukazungusha mara mbili, chembe sahani zikawa 4. dRVVT ya kutafuta ikawa sekunde 96 kwa plazma ya kawaida 36. Ya kuthibitisha, yenye fosfolipidi nyingi, ikashuka. Nikaandika "LA ipo, kali," nikaweka sahihi, nikaenda kunywa chai. Niliporudi ndipo nikasoma sehemu ya fomu inayosema "dawa anazotumia." Ilikuwa tupu. Nikampigia.

"Mama, kuna vidonge vyovyote vya kulainisha damu unavyotumia?"

"Ndiyo, vile vyekundu vya kumeza mara moja kwa siku. Walisema hivi havihitaji kupima pima kila wiki, na mimi nauli inanishinda."

Rivaroksabani. Inazuia kigandishi cha kumi, kilekile ambacho sumu ya Russell inakiamsha, na dRVVT yake inaweza kufanana na LA kwa kila kitu, hata kwenye hatua ya kuthibitisha. Apiksabani vilevile, ingawa kwa kiasi kidogo. Jibu langu lilikuwa halina thamani. Nililichana. Pengine alikuwa na LA kweli, lakini karatasi ile isingeweza kulisema.

Unafanyaje? Kuna vidonge vya mkaa vinavyonyonya dawa hizi kwenye plazma kabla ya kupima. Kama maabara inavyo, vizuri. Bila hivyo ni kazi ya daktari, wala si ya maabara na si ya mgonjwa mwenyewe: anaweza kumbadilishia kwa muda sindano za hepari nyepesi kama enoksaparini, na damu ichukuliwe saa 12 au zaidi baada ya sindano ya mwisho. Vitendanishi vingi vya dRVVT vina kizuizi cha hepari, lakini kina mwisho wake, kwa hiyo soma karatasi ya ndani ya boksi. Mgonjwa asiambiwe na mtu wa dirishani aache dawa "ili kipimo kitoke vizuri." Hilo linaua.

Warfarini nayo inarefusha kila kitu. INR, namba inayoonyesha warfarini imerefusha kuganda kiasi gani, ikiwa chini ya 1.5 unaweza kupima kama kawaida. Kati ya 1.5 na 3 unapima mchanganyiko wa nusu kwa nusu na unasoma kwa mashaka, kwa sababu umeshaipunguza LA nayo kwa nusu. Juu ya 3, subiri. ELISA haiguswi na dawa yoyote kati ya hizi, na ndiyo sababu kwa mtu aliye kwenye dawa naanza nayo.

Nyongeza kwa wanaopima aPTT peke yake: mgonjwa mwenye homa kali na CRP (protini inayopanda wakati wa maambukizi) ya juu anaweza kutoa LA ya uongo kwenye aPTT. dRVVT yake ikiwa safi, ngoja apone.

Dalili: sahani ya ELISA haieleweki

Visima 96 vyote vimegeuka njano: uoshaji. Sindano moja ya mashine ya kuoshea ikiziba, safu nzima inabaki na kimeng'enya, na rangi inapanda bila kingamwili. Safu ya nje tu ikiwa juu au chini kuliko ya ndani, sahani ilitoka kwenye jokofu ikaanza kazi kabla ya kupata joto sawasawa.

Vidhibiti vyote, yaani sampuli ambazo jibu lake tunalijua, vimeshuka kwa pamoja: uliza ni mwezi gani. Karatasi ya kiti (seti ya vitendanishi) inasema "joto la chumba" na inamaanisha nyuzi 20 hadi 25. Arusha ya Julai, saa 2 asubuhi, dirisha likiwa wazi, benchi yangu ilisoma 16. Mmenyuko unakwenda kwa uvivu, rangi haifiki, na mwenye kingamwili za wastani anaonekana hana. Tangu hapo kuna kipimajoto benchi na sahani inakaa kwenye inkubeta. Vidhibiti vikitoka nje ya mipaka, sahani nzima haitolewi majibu, hata kama mtu wa wodini anapiga simu kila baada ya dakika tano.

Kingamwili za aina ya IgM pekee zimepanda kidogo: mara nyingi ni kelele. Mwenye kingamwili za baridi yabisi, zile za RF, anaweza kuipandisha IgM bila kuwa na APS. Maambukizi pia: malaria, VVU, kaswende, homa ya ini aina ya C, ukoma, vyote hutoa kingamwili za kadiolipini ambazo aghalabu ni za chini na za kupita. Kwetu huku mtu mwenye homa ya jana asipimwe leo. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2023 viliishusha uzito IgM ikiwa peke yake. Vinatambua yuniti 40 hadi 79 kama za wastani na 80 kwenda juu kama za juu, kwa ELISA. Lakini vigezo hivyo ni vya kupanga wagonjwa wa utafiti. Daktari aliye na mgonjwa mbele yake ana uhuru zaidi.

Na usilinganishe namba za viti viwili. Hapo ndipo ilipo ile 28 ya karatasi ya tatu: kiti cha kampuni nyingine, tena damu ilichukuliwa wiki ileile mguu unavimba, wakati ambapo kingamwili zinaweza kushuka. Kiti chetu kilitoa 64. Sikumwambia mama kwamba zimepanda, kwa sababu sikuwa na haki ya kusema hivyo. Tulikubaliana vipimo vyake vyote vinavyofuata vifanyike kwa kiti kimoja.

Dalili: kaswende chanya kwa mama asiye na kaswende

Hii inavunja ndoa. RPR na VDRL hazitafuti mdudu wa kaswende. Zinatafuta kingamwili zinazoshika kadiolipini. Mwenye APS anazo. Anapimwa kliniki ya wajawazito, anaambiwa ana kaswende, anarudi nyumbani na maneno. Kipimo cha mdudu mwenyewe, TPHA au kile cha haraka cha kidole kinachopima kingamwili za treponema, kikija hasi huku RPR ni chanya ya kiwango kidogo, na mama amepoteza mimba, andika kwenye majibu: "RPR inaweza kuwa si ya kaswende, fikiria kingamwili za fosfolipidi." Mstari mmoja. Nimeuliza baadaye, yule mama alishachomwa penisilini mara mbili, na mumewe mara moja.

Dalili: INR ya mgonjwa wa APS inaruka ruka

Kwa kifupi: kile kimashine cha kidole kinaweza kusoma INR juu kuliko ilivyo kwa mwenye LA, kwa sababu kingamwili zinagusa kitendanishi chenyewe. Anapunguziwa dozi, anapata donge. Linganisha na damu ya mshipani angalau mwanzoni. Hata kwenye mashine kubwa, kama PT ilikuwa ndefu kabla hajaanza warfarini, INR yake haiaminiki, na anahitaji kipimo cha kigandishi cha kumi kwa njia ya rangi.

Mwenye vipimo vyote vitatu chanya ndiye aliye hatarini zaidi, na kwake vidonge vyekundu havikufaulu: mwaka 2018 majaribio ya Italia yaliyolinganisha rivaroksabani na warfarini kwa wagonjwa wa aina hii yalisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa waliokuwa kwenye rivaroksabani walipata madonge na viharusi zaidi. Daktari wake ndiye aliyeniambia hilo nilipompigia kuhusu jibu nililolichana, na ndicho kilichomfanya ambadilishe moja kwa moja, si kwa ajili ya kipimo tu.

Dalili: chanya, lakini ni ya mara moja

Chanya moja si APS. Inarudiwa baada ya wiki 12 au zaidi, kwa sababu ya hizo za malaria na nyinginezo zinazopita. Watu wenye afya kati ya 1 na 5 kwa kila 100 wanazo kidogo na hawaumwi. Ugumu wa huku ni kwamba wiki 12 ni muda wa kutosha mgonjwa kupotea: mvua za masika, mavuno, simu imebadilishwa laini. Tunaandika tarehe ya kurudi kwenye karatasi ya majibu kwa herufi kubwa na tunachukua namba ya jirani.

Mama alirudi wiki ya 14. Karatasi iliyotoka kati ya ile niliyoichana na hii ilikuwa imeandikwa hivi: "dRVVT ya kutafuta 68 kwa 36, uwiano 1.89. Ya kuthibitisha 42 kwa 34, uwiano 1.24. Uwiano wa viwili 1.53: LA ipo. Damu imechukuliwa saa 14 baada ya enoksaparini. Imezungushwa mara mbili, chembe sahani 4. Kadiolipini IgG 64, beta-2 glikoprotini I IgG chanya. Irudiwe baada ya wiki 12." Safari hii alikuwa kwenye warfarini, INR 2.6, kwa hiyo LA niliisoma kwenye mchanganyiko na nikaandika hivyo. Ilikuwepo bado. Kadiolipini ikawa 71 kwa kiti kilekile, beta-2 chanya.

"Kwa hiyo ile ya pili ndiyo iliyokosea?"

"Ndiyo, mama."

Alitaka kuichana kama mimi nilivyochana yangu. Nikamwomba asiichane. Nilichukua kalamu nikaandika pembeni yake, "plazma ilizungushwa mara moja, iliyeyuka njiani," nikaweka tarehe, akairudisha kwenye bahasha na nyingine zote.